Aliyekula Maneno ya Ephraim

Wanaume wawili wamenichosha katika maisha haya. Mmoja ni mume wangu, Ephraim Lockridge. Wa pili ni Thaddeus Bohannon. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye kibanda changu kando ya jukwaa, kitabu mapajani, nikiwatazama wakimgombea mjane yuleyule wa kwenye mchezo. Mchezo wenyewe ni wa kuchekesha. Wachumba wawili wanamtaka mjane mwenye duka la viatu, kila mmoja anajifanya jasiri kuliko mwenzake, na mwisho wanapigana kwa bastola ambazo wote wawili wamesahau kuzitia risasi. Wachimba madini wa Nevada hawauchoki. Mimi niliuchoka kabla vita vya Kaskazini na Kusini havijaisha.

Watazamaji hudhani kila mwigizaji anaujua mchezo mzima. Wapi. Mwenye mchezo mzima ni mimi tu, mshika kitabu, ninayemnong'oneza aliyesahau. Wengine hupewa karatasi zenye maneno yao peke yao, na juu ya kila kauli yameandikwa maneno mawili matatu ya mwisho ya yule anayewatangulia. Ukiyasikia hayo, unasema yako. Usipoyasikia, unabaki umesimama. Kwa hiyo katika kazi yetu, ukitaka kumkomoa mtu huna haja ya kumpiga. Unalimeza tu lile neno la mwisho analolingoja, na anayezomewa ni yeye. Sisi tunaita kula neno.

Bohannon alikuwa bingwa wa kula maneno, siwezi kumsafisha. Walipokuwa vijana kule Sacramento alimla Ephraim maneno jioni nzima, mpaka maskini akarushiwa mayai. Ephraim naye akalipa: akamfungia Bohannon mlango wa jukwaani saa ileile aliyotakiwa kuingia na kumwokoa mjane, ikabidi mjane ajiokoe mwenyewe. Miezi minane hawakusalimiana, na wakati wote huo wanalala kitanda kimoja kwa sababu kampuni haikuwa na kingine.

Basi mwaka juzi Ephraim akaanza kurudi chumbani amenuna. Alisema Bohannon ameanza tena, anamla maneno mchana kweupe mbele za watu. Mimi nilikuwa na kitabu mkononi na masikio yangu mazima. Bohannon alikuwa akiyasema maneno yote, moja baada ya moja, kwa sauti ya mtu anayelipwa asikike mpaka nyuma. Aliyekuwa hasikii ni mume wangu.

Chumbani alikuwa akinitazama mdomo, nadhani hata yeye hakujua kwamba anautazama. Ukimwita kwa nyuma haitiki. Wenzetu wakasema ni maringo, anajiona mkubwa. Nikawaacha waseme. Ephraim alikuwa na miaka hamsini na minane na hakuwahi kufanya kazi nyingine hata siku moja, na mwigizaji kiziwi haajiriwi hata kuvuta pazia. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa, nisidanganye.

Bohannon alijua kabla yangu. Siku moja, nikiwa kibandani, niliona kwamba kila akifika neno la mwisho anapiga ubao kwa kisigino. Ephraim anakipata kile kishindo miguuni, na papo hapo anafungua kinywa. Alikuwa hajui anachokingoja ni kisigino. Nilimuuliza Bohannon kwa nini anajisumbua. Akanijibu kwamba Ephraim akisimama bubu, kicheko chake yeye kinapotea, na hakuja Nevada kupoteza vicheko.

Shida ilikuwa sehemu ya pili. Hapo Bohannon anajifanya amevunjika mguu ili mjane amhurumie. Anakaa kitini, mguu umefungwa matambara na umewekwa juu ya pipa. Kisigino hakiwezi kugonga kitu. Kila siku katika sehemu hiyo Ephraim alipotea, nami nikawa namnong'oneza wee mpaka koo linakauka, kana kwamba kumnong'oneza kiziwi kuna faida. Hiyo ndiyo sehemu aliyoichukua kuwa ushahidi.

Mambo yakapasuka tulipokuwa Galena Flat. Bi Hulda Vansickle, mwenye kampuni, alikuwa mvumilivu wa kila kitu, ulevi, kuchelewa, hata kupigana, ila si kula maneno. Huko Utah alishamshusha mtu njiani kwa kosa hilo. Jumamosi mchana tukiwa mezani hotelini, maharage na nyama ya chumvi mbele yetu, Ephraim akasimama. Akaeleza yote, mguu, pipa, miaka miwili ya kuaibishwa. Akamaliza kwa kusema kampuni ichague, yeye au Bohannon.

Bi Hulda hakumuuliza Bohannon. Alinigeukia mimi.

"Bi Lockridge, wewe ndiye mwenye kitabu. Huyu bwana anayasema maneno yake au hayasemi?"

Ephraim alikuwa akinitazama mdomo. Ukweli ulikuwa palepale ulimini, maneno machache tu, na kila neno lingemtoa mume wangu jukwaani. Uwongo nao ulikuwa palepale. Nikashika uma, nikauweka chini, nikaushika tena.

Bohannon akajifuta masharubu. "Mwache mama wa watu ale," alisema. "Nimeyala mimi. Miaka miwili nayala."

"Kwa nini?" Bi Hulda akauliza.

"Mazoea, bibi."

Nakiri kwamba kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni kilikuwa nafuu. Aibu ilikuja baadaye, na tangu siku hiyo haijaondoka. Ephraim akakaa, akala maharage yake yote. Alikuwa mtu aliyetendewa haki.

Gari la farasi la kwenda Reno, ambalo Bi Hulda alimwamuru Bohannon alipande, lilikuwa liondoke saa tisa. Nilimkuta Bohannon amekalia sanduku lake, amevua kiatu, anajikanda mguu. Nilitaka kumshukuru, lakini shukrani yenyewe ilionekana ni matusi.

"Usinilie hapa, shemeji," alisema. "Kisigino kimeota sugu. Nimechoka."

"Nimwambie?"

"Akinichukia mimi ataendelea na kazi. Kunichukia ameshazoea." Akavaa kiatu. "Ila atakayekuja baada yangu, mwambie apige ubao."

Nilimwahidi kwamba huyo nitamwambia. Sikumwambia. Ningemwambiaje mgeni apige ubao bila kumpa sababu, na ningempaje sababu bila kampuni nzima kujua kabla ya jioni?

Mgeni mwenyewe alikuwa Orrin Sprague, aliyekuwa mnadi wa mifugo kabla ya kuingia kwenye maigizo. Nikajipa moyo kwa sauti yake. Alipokuwa akijifunza maneno yake nyuma ya hoteli, watu wa upande wa pili wa barabara walimwomba apumzike kidogo. Mwenyewe nilisema, kwa sauti hiyo, Ephraim atasikia.

Tulicheza katika mji wa Sorrel, Jumapili ya wiki iliyofuata, alasiri, ghala limejaa wachimba madini wenye mashati safi. Sprague akaingia, akasema kauli yake ya kwanza, vumbi likadondoka kutoka kwenye mihimili. Ephraim kimya. Sprague akairudia. Ephraim alitabasamu na kungoja, kwa adabu kabisa, amesimama chini ya taa. Watu wakaanza kucheka. Sprague akairudia mara ya tatu kwa sauti ya kuuzia ng'ombe, wakacheka mpaka wanapigana mabega, wakidhani ndivyo mchezo ulivyo. Nilimwona mume wangu akitazama mbao za sakafu, hapa na pale, kama mtu aliyeangusha kifungo. Hakujua anatafuta nini. Mimi nilijua, na sikuweza kuinuka.

Sehemu ya kwanza ilifika mwisho hivyohivyo. Pazia likashuka, na nje kicheko bado kinaendelea. Ephraim akaja kibandani kwangu, ambako nikishazima mshumaa wa kusomea ni giza, hakuna awezaye kuuona mdomo wa mtu.

"Bohannon hayupo," alisema. "Leo nani ananila, Lavinia?"

Nilimwambia. Nilisema polepole, kwa upole wote niliokuwa nao, kwamba hakuna aliyemla, ni masikio yake.

Akainama, akaniwekea sikio. "Sijakupata, mke wangu. Sema tena."

Nikasema tena. Akatikisa kichwa, hajapata. Basi nikamshika koti kwa mikono miwili, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote kwamba yeye ni kiziwi, na kwamba Thaddeus Bohannon hakumla hata neno moja, alikuwa akimpa yote kwa kisigino. Upande wa pili wa pazia, ghala zima likanyamaza.

Hapo alisikia. Alikaa chini juu ya kreti la viatu vya mjane, mikono kwenye magoti. Halafu akaniuliza kama watu bado wanacheka.

Nikamvuta kwenye mwanga ili anione, nikatikisa kichwa: hapana.