Koti la Simeoni

Kuishi kwingi ni kuona mengi, ndivyo wanavyosema. Basi mimi Luciana nimeishi hadi wajukuu kumi na mmoja, na huko kuona ndiko kulikogoma. Jicho la kulia lilikufa zamani, nikiahirisha mwaka hadi mwaka. La kushoto lilifunikwa na ukungu, na daktari wa macho aliyekuja Nduguti aliniambia waziwazi: "Mama, huyu mtoto wa jicho amekomaa. Leta laki mbili na nusu tukupasue. Mwisho wa kuandikishwa ni Alhamisi saa nane mchana, tukiondoka ni hadi mwakani. Mwakani huenda na hili likawa limekufa."

Sikumwambia mtu. Ningesemaje? Wiki hiyohiyo tulikuwa tumemuuza maksai wangu mnadani ili tumjengee marehemu mume wangu, Simeoni, kaburi la marumaru. Na aliyekubali kuuza ni nani? Mimi mwenyewe! Majirani walisema Simeoni amelazwa kwenye kichuguu, na mimi midomo ya watu naiogopa kuliko nyoka. Nikafunga hela kwenye ncha ya kanga, nikanyamaza kama mjinga.

Alhamisi ikafika. Saa sita na nusu fundi Antipasi akaingia uani na pikipiki yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

Mwanangu wa kwanza, Melkizedeki, aliyetoka Dodoma kwa ajili ya shughuli hiyo, akatoka ndani mbiombio. "Mama, mpe fundi hela akachukue marumaru. Jumamosi ukoo wote uko hapa, na mchungaji nimeshamwambia."

Nikashika fundo la kanga. Kutoka kwetu hadi Nduguti ni saa nzima kwa pikipiki.

"Ngoja kwanza. Mbona mnanikimbiza?"

"Nani anakukimbiza? Haya, tazama picha ya baba tutakayoiweka pale juu." Akaniwekea picha mkononi. "Imetoka vizuri?"

Nikaisogeza karibu na pua. Weupe mtupu. Nikajua nikikaa kimya nitaumbuka. "Imetoka," nikasema. "Mwenyewe kapendeza na koti lake."

Antipasi aliyekuwa akipiga mluzi akaacha.

"Mama," Melkizedeki akasema polepole, "umeshika upande wa nyuma."

Jamani, aibu ile! Halafu aibu ikageuka hasira, na mimi nikikasirika sina breki. Nikatoa yote: jicho la kulia, la kushoto, daktari, saa nane.

"Kwa nini hukusema?" akafoka.

"Ningesema saa ngapi? Ukija ni kaburi, ukipiga simu ni kaburi! Lini uliniulizia mimi niliye hai?"

"Lakini watu nimeshawaita, mama. Watasema tumemtupa baba."

"Waseme! Baba yako alikuwa ananishika mkono nikivuka korongo nisijikwae. Huyo angetaka niwe kipofu ili yeye alale kwenye marumaru? Maksai aliniachia mimi. Aliniambia, Luciana, ukilemewa muuze. Sasa nimelemewa."

Nilisikia viatu vyake vikisaga changarawe, akienda na kurudi, na kila hatua ilikuwa inakula muda wangu. Sikuwa na uhakika naye. Mtoto huyo ana kichwa kigumu, amenirithi mimi. Nikaogopa kweli. Nikapapasa hadi kwenye pikipiki, nikamshika Antipasi mkono.

"Baba, nipeleke Nduguti."

"Mama, mimi nimeitwa na kaka hapa..."

"Maksai alikuwa wa nani?"

Viatu vikasimama. "Washa, fundi," Melkizedeki akasema. "Nitakaa nyuma nimshike."

Tukaenda mshikaki, watu watatu pikipiki moja, mwanangu akinikumbatia kiunoni kwa nguvu hadi mbavu zikaniuma. Tulifika muuguzi akiwa anafunga daftari. Melkizedeki alimbembeleza hadi akalifungua tena.

Nikapasuliwa jioni hiyohiyo, na Ijumaa wakanitoa bandeji. Jumamosi ukoo ukaja, wakakuta kaburi ni la udongo vilevile, limepaliliwa na kufagiwa. Wifi yangu Scholastika akaguna. "Kwa hiyo kaka yangu ndiyo mmemuacha hivi?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo, lakini Melkizedeki akaniwahi. "Shangazi, hela imemtibu mama. Mwenye neno aniambie mimi."

Nikaiomba ile picha, na safari hii nikaigeuza mwenyewe.

Simeoni hakuvaa koti. Alivaa shati lake jeupe, na kifungo cha tatu kilikuwa cheusi. Nilikishona mimi, asubuhi ya ubatizo wa Melkizedeki, kwa kukosa cheupe, naye akacheka akasema nani atakiona. Nilikuwa nimekisahau kabisa. Nikakiwekea kidole.

Daktari alikuwa amenikataza kulia. Nililia.