Gari la Shemeji

Tangu mkewe afariki, Fundi Waya hakuwa na mtu wa kumtembelea isipokuwa shemeji yake, mjane wa kaka yake. Alipita gereji mara kwa mara, akamtania kuhusu ndevu zake, akaenda zake.

Safari hii alishuka garini jasho likimtiririka.

"Shemeji, gari limenisusa. Likiwa baridi linawaka vizuri tu. Likipata moto linazima, popote lilipo. Likipoa linawaka tena, utadhani silo."

"Una haraka nalo?"

"Jumamosi nahama. Binti yangu amejifungua mapacha, anataka nikakae naye. Nyumba nimeshakabidhi."

Fundi akafungua boneti, akainama bila kugusa kitu.

Mashine ya kusomea hitilafu ilitaja sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta ya gari jinsi injini inavyozunguka. Lakini sensa yenyewe ilikuwa mpya. Fundi mwingine alikwisha kuibadilisha. Basi ubovu ulikuwa kwenye nyaya. Akawasha injini, wakangoja ipate moto. Shemeji alisimulia habari za wajukuu, yeye akaitikia, "Eee."

Injini ikazima ghafla. Upesi akachomoa soketi ya sensa na ya kompyuta, akapima kwa mita: waya mmoja ulikuwa unapiga shoti kwenye bodi. Akaufuata kwa vidole mpaka nyuma ya injini. Kibanio chake kilikuwa kimekatika, waya umelalia chuma, ganda limelika. Joto likililainisha lile ganda lililobaki, shaba inagusa chuma.

"Umeuona ubovu?"

Angeweza kusema bado, kuna kifaa kinaagizwa, wiki ipite. Nani angejua?

"Nimeuona," akasema. "Ni waya."

Akakata palipochubuka, akaunga kwa risasi ya kuchomelea, akauvisha mpira, akaufunga mbali na chuma. Kisha wakaenda kulijaribu, shemeji kwenye usukani. Walipanda mlima, wakakaa kwenye foleni juani. Fundi alijikuta akitega sikio, akitamani injini ikohoe kidogo tu. Haikukohoa.

Waliporudi, shemeji hakushuka.

"Na wewe utabaki na nani?"

"Magari yapo."

"Magari hayatakuuliza umekula nini."

"Mbona hata wewe hujawahi kuniuliza?"

Shemeji akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Haya, umekula nini?"

"Bado."

Jumamosi jioni simu iliita akiwa ananawa grisi.

"Nimefika, shemeji. Halikuzima hata mara moja."

"Vizuri."

Fundi akangoja shemeji aongeze neno. Upande wa pili vichanga wakaanza kulia wote kwa pamoja, shemeji akasema ngoja kwanza, na simu ikakatika. Fundi Waya akaishika hivyo hivyo mkononi, maji ya bomba yakiendelea kumwagika.