Gari Lenye Adabu

Asubuhi ile nilikuwa nimekaa kizingitini napiga rangi viatu vya shule. Ilikuwa Jumamosi, lakini sina viatu vingine, kwa hiyo Jumamosi navyo vinafanya kazi. Kabla havijawa vyangu vilikuwa vya dada yangu. Nilikuwa nimefika kwenye cha kushoto, ambacho soli yake imelika upande wa ndani kama kipande cha sabuni, pale gari la dada lilipokuja likasimama nje kwetu, limekaa upande, tairi moja juu ya maua ya mama.

Dada hakuzima injini. Alishusha kioo kwa kiwiko, viganja vimebaki kwenye usukani.

"Njoo unisaidie kushika."

"Kushika nini?"

"Usukani. Mikono imeniisha."

Nikavaa viatu nikaenda. Nyumbani wote tunajua gari la dada linavuta kushoto. Alipewa na mumewe walipooana. Ukilishika kawaida linakwenda kushoto kidogo kidogo, na ukiliachia linazunguka lenyewe, linapita sokoni, linapita shuleni kwetu, mpaka linarudi kwenye geti la mumewe. Likifika linasimama, taa zinaangalia mlango.

Huyo shemeji majirani wanamwita Mpole. Hapigi mtu, wala hapandishi sauti. Dada akisema anatoka, ufunguo wa gari anamkabidhi mwenyewe. "Nenda mama, zunguka utakako." Gari likirudi anafungua geti, anasema, "Aa, umerudi," anafunga, anatia ufunguo mfuko wa shati, kisha anachukua simu ya dada kwenda kuichaji chumbani kwake. Simu hiyo huchukua siku kadhaa kujaa. Mama humsifu sana. Mwanamume anayemwachia mke gari siku hizi utampata wapi?

Dada kabla ya kuolewa alisomea kusaga vioo vya miwani. Kuna karakana mji wa pili inamtaka. Alishaondoka mara mbili kwenda kuanza kazi, na mara zote mbili akajikuta getini kwa Mpole, ameshika begi. Akajaribu basi. Basi nalo likaanza kuvuta kushoto, abiria wakapiga kelele, dereva akasimama akamwomba kwa heshima ashuke, kwa sababu tairi zake ni mpya. Akashuka. Alikuwa mbele ya geti. Sasa mwenye karakana kamwambia kuwa Jumatatu wakifungua mlango asipomwona, kiti anampa mtu mwingine, na huyo mwingine yupo tayari, kashanawa mikono.

Tulishika usukani wote wawili, tukiuvutia kulia kama watu wanaohamisha kabati, mpaka kwa Bi Kamba.

Bi Kamba ni fundi wa kunyoosha magurudumu. Mashine anayo, ina kioo kikubwa cha rangi, lakini bado anapenda kunyoosha kamba kutoka tairi la nyuma mpaka la mbele na kufumba jicho moja. Ni mwanamke mnene, anavaa ovaroli na hereni. Tulipoingia alikuwa anakunywa chai. Hakuinuka. Aliangalia tairi tu.

"Hilo linavuta," akasema.

"Shikamoo mama. Ndiyo, kushoto."

"Marahaba. Muda gani?"

"Tangu nilipopewa."

Akaja akapitisha kiganja juu ya tairi la mbele, kutoka nje kwenda ndani, kama mtu anayempapasa mtoto homa. Akaniita nami nipapase. Nje tairi lilikuwa na mistari yake yote. Ndani lilikuwa laini kama upara.

"Tairi halidanganyi," aliniambia. "Likilika upande mmoja, jua halitazami mbele. La pili, angalia usukani. Gari linakwenda sawa lakini usukani umepinda? Lina shida. La tatu, tafuta njia iliyolala, achia mikono, uone linakupeleka wapi. Madereva wengi hawalijaribu hilo la tatu. Wanaogopa jibu."

"Mimi nimelijaribu," dada akasema. "Najua linaponipeleka."

Bi Kamba alifanya kazi yake. Alilala chini ya gari, akalegeza, akakaza, akatazama kama ekseli haikupinda, akanyoosha kamba, akafumba jicho. Mashine nayo ikaonyesha kijani kila mahali. Kisha akalitoa barabarani peke yake, akaachia usukani, na gari likaenda mbele limenyooka kama mtoto aliyetumwa dukani akaahidiwa chenji.

Dada akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho muda mrefu. Akaingia, akakaa, akaachia. Gari likaenda kushoto.

Bi Kamba akamwambia akae kiti cha nyuma, akaendesha yeye. Kushoto. Akamshusha, likanyooka. Akampandisha, kushoto.

"Basi si gari," akasema, bila kubadilisha sauti. "Ni mzigo. Samahani, binti. Njoo usimame hapa."

Alimsimamisha dada juu ya mabamba ya mashine, akamfunga vioo vya kupimia magurudumu kwenye vifundo vya miguu. Mashine ikauliza ni gari aina gani. Bi Kamba akafikiri, akachagua dogo, la milango miwili. Halafu akanyoosha kamba kutoka kisigino mpaka kidole gumba.

"Gurudumu la mbele kushoto," akasema. "Mguu, nilitaka kusema. Umegonga wapi?"

"Sijagonga popote, mama."

"Si lazima kugonga. Shimo kubwa mtu analikwepa. Kinachoharibu ni kiukingo kidogo cha barabara, pale pale, kila siku." Akatazama mashine. "Muda gani umeolewa?"

Dada alipotaka kujibu, Bi Kamba alikuwa ameshaacha kumwangalia yeye. Alikuwa anaangalia miguu yangu.

"We mdogo. Vua hicho cha kushoto."

Nikavua. Akakigeuza, akapitisha kiganja kwenye soli, kutoka nje kwenda ndani.

"Cha nani?"

"Changu. Kilikuwa cha dada, alipokuwa shule."

Akanirudishia taratibu, kama kitu cha moto.

"Basi haikuanzia kwa mume," akasema.

Nilikumbuka baba alivyokuwa akimwita dada. Dada akivuka geti kwenda michezoni, "Rudi, kuna wageni." Akienda safari ya darasa na begi mgongoni, "Rudi, nani atapika?" Siku ya kwenda kuchukua cheti cha miwani, alishafika kona, "Rudi kwanza." Na alipokimbilia nyumbani kutoka kwa Mpole, baba huyo huyo alimwambia kwa upole kabisa, "Rudi mwanangu." Kwetu hakuna mtu mkali.

"Sitaweza kufungua," Bi Kamba akasema. "Aliyekaza ndiye anajua alikaza wapi. Mpigie."

Dada akampigia baba, akaweka sauti wazi.

"Shikamoo mzee," Bi Kamba akasema. "Mimi fundi. Ninaye binti yako hapa, anavuta kushoto. Nilikuwa naomba uje umlegeze kidogo, nimnyooshe."

"Marahaba. Gari si mlishatengeneza?"

"Gari zima. Ni yeye."

Baba alifikiri. Tulimsikia akikoroga chai.

"Fundi, nisikilize. Kitu kinachorudi mlangoni chenyewe bila kutafutwa, hicho si kibovu. Hicho kina adabu. Wewe unataka kukifundisha utoro?"

Mama akachukua simu. "Mwanangu," akamwambia dada, "mbona hata mimi navuta kushoto? Utazoea. Mkoba weka bega la kulia, unasaidia."

Dada akasema, "Haya mama," akakata.

Bi Kamba akaenda kwenye rundo la tairi zilizochoka. Akakata kipande chembamba, upande mmoja kinene, akakitia ndani ya kiatu cha dada.

"Hiki si dawa, ni kabari. Kitakusogeza. Vuta kulia, usiachie usukani hata ukiwashwa pua. Na usisimame njiani. Ukisimama, ukiondoka tena unaanza upya."

Begi lilikuwa tayari kwenye buti. Dada akaniambia nipande anirudishe nyumbani. Safari hii hakutaka nimsaidie kushika. Mishipa ya mikono ilimtoka kama kamba za Bi Kamba. Kwenye kona yetu akapunguza mwendo.

"Shuka, sisimami."

"Utanipigia?"

"Kwa mkono upi? Shuka!"

Nikaruka. Gari likapita mbele ya nyumba yetu, na pale mbele ya geti letu likayumba kushoto, tairi likagusa maua ya mama mara ya pili. Nikaona mabega ya dada yakiinuka. Likarudi barabarani, likaenda.

Jioni shemeji alimpigia baba. Hakuuliza mkewe yuko wapi. Alisalimia, akauliza afya za wote, akasema geti ameliacha wazi. Baba akamshukuru. Mama akasema huyo mtu ana moyo, akaenda kuyainua maua yake na kuyafungia kijiti, upande wa kulia.

Nikachukua simu ya mama, nikamwandikia dada: "Kama bado umeshika usukani, usijibu."

Ujumbe ulifika. Nikakaa kizingitini na simu mapajani. Kama yuko njiani, hatajibu. Kama yuko kwa Mpole, simu inachajiwa.

Hajajibu.