Mstari wa Kwanza wa Fomu

Mtaa mzima ulimwita Mama Fomu. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kwa miaka kumi na moja, kila aliyemaliza sekondari maeneo yale alipita kwenye chumba chake chenye kompyuta moja, printa moja na benchi moja, akajaziwa maombi ya chuo. Kozi alizijua zaidi kwa namba kuliko kwa majina. Mtajie umeme, uuguzi, hoteli, vidole vyake vinaandika namba nne hata hujafunga mdomo. Mwenyewe chuo hakukikanyaga. Ukimuuliza kwa nini, anakuuliza unataka kopi ngapi.

Leo ilikuwa siku ya mwisho. Maombi yalifungwa saa kumi na moja jioni, na tangu asubuhi watu walikuwa wakimiminika kana kwamba walipewa siku moja, si wiki sita. Mgongo ulimuuma, shingo imekakamaa, na macho ndiyo usiseme. Daktari alishamwambia ni mtoto wa jicho, afanyiwe upasuaji. Akaahirisha mara ya kwanza, akaahirisha ya pili, maana nani afunge duka msimu wa fomu? Maandishi kwenye kioo cha kompyuta sasa yalikuwa ukungu mtupu. Hakumwambia mtu. Nani atamletea fomu mtu asiyeona?

Aliyejua ni mmoja tu, binti yake, naye hakuambiwa, aligundua. Kutwa alisimama nyuma ya kiti cha mama yake, akisoma kwa sauti ya chini kila kilichotokea kwenye kioo. Wateja wakiuliza, Mama Fomu alisema anamfundisha kazi. Binti mwenyewe alikuwa amemaliza shule mwaka huohuo, na matokeo yake yalikuwa ya kujivunia.

Saa kumi na robo aliingia fundi bomba, ovaroli imelowa magotini, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mama Fomu, mimi na wewe tumekoseana wapi?" akasema, akijitupa kwenye benchi. "Mpwa wangu anataka umeme. Wewe umempeleka kwa nyuki."

"Nyuki gani tena?"

"Ufugaji nyuki. Imeandikwa hapa, na mhuri wako juu. Dada yangu tangu juzi hanisemeshi."

"Mtandao huo," Mama Fomu akasema, kavu kabisa. "Wiki hii unajifanyia unavyotaka."

Binti aliipokea karatasi kwa mikono miwili. "Samahani, mjomba, narekebisha sasa hivi. Hii ndiyo ilikuwa imebaki, zile nyingine nimeshazimaliza."

Akajing'ata ulimi, lakini maneno yalishatoka. Mama Fomu akageuka na kiti chake taratibu.

"Zipi nyingine?"

"Za Jumanne, mama. Nilipokwenda shuleni kuchukua cheti."

"Ngapi?"

Binti akatazama printa. "Tisa."

Jumanne Mama Fomu alikuwa peke yake. Alikuwa ameinamia karatasi za watu mpaka pua inagusa meza, akisoma nane kama tatu na tatu kama nane, na jioni akajisifu moyoni kwamba ameweza. Sasa alijisikia mdogo kama mwizi wa kuku aliyeshikwa mchana. Watoto tisa wa watu, wa kumi huyu wa nyuki. Akamuuliza binti jambo ambalo wiki sita nzima, kwa kujaza fomu za watoto wa wengine, hakuwahi kuliuliza.

"Na yako umejaza?"

"Jana."

"Upimaji ardhi?"

"Uhazili, mama. Chuo hiki cha nyuma ya soko. Asubuhi nitasoma, saa saba niko hapa na wewe."

Uhazili. Huyu ambaye tangu ana miaka kumi alitembea na kamba yenye mafundo, fundo kwa kila mita, akapima ua, akapima barabara, akamaliza ugomvi wa ukuta wa majirani wawili waliokuwa wamefikishana kwa mwenyekiti wa mtaa. Chuo cha upimaji kilikuwa safari ya siku mbili. Ukienda kule, hurudi mpaka likizo.

Kusema kweli, kitu cha kwanza alichosikia Mama Fomu moyoni kilikuwa nafuu. Mtoto anabaki. Nafuu ile ilimpitia mwili mzima, hata mgongo ukaacha kuuma kidogo. Kisha akaionea aibu, aibu ya kutamani ardhi ipasuke immeze.

Hakugombana. Alisubiri binti amalize kumtoa yule mpwa kwa nyuki, karatasi mpya ikatoka, fundi bomba akaipokea. Ndipo akasema, "Nenda kaninunulie karatasi za printa."

"Si zipo, ma—"

"Nenda, mwanangu."

Binti alipotoka, fundi bomba alichungulia chini ya meza, kwenye boksi lililojaa karatasi.

Mama Fomu hakuhitaji kuulizia neno la siri. Wateja wake wote aliwawekea moja, namba ya simu ya duka, kwa sababu walikuwa wakisahau na kurudi kumlilia, na binti naye alijisajili kwa mtindo wa duka. Vidole vikaifungua fomu. Vikashuka, vikafuta, vikaandika namba nne za upimaji ardhi, vikatuma. Vilijua njia. Yeye alitazama ukungu tu. Printa ikakohoa, ikatoa karatasi.

Aliishika. Aliisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango. Wapi. Na saa ya ukutani, hiyo aliiona kwa ukubwa wake, ilikuwa saa kumi na dakika arobaini.

Miaka kumi na moja watu walimpa yeye karatasi asome. Alijikaza, akamnyooshea fundi bomba.

"Nisomee hapo. Mstari wa kwanza."

Fundi alimtazama yeye, si karatasi. "Kumbe huoni."

"Soma, baba. Muda unakwisha."

"Cha kwanza, uhazili. Cha pili, upimaji ardhi."

Vidole vyake vilikuwa vimeruka mstari. Na ukipata cha kwanza, cha pili hakiangaliwi. Jambo hilo aliwaeleza wazazi mpaka sauti ikakauka.

"Njoo huku nyuma yangu," akasema. "Niambie kila ninapofika."

Fundi bomba akaja, akasimama pale pale anaposimama binti, harufu ya gundi ya mabomba imemjaa. Akaweka kidole kwenye kioo. "Juu. Juu tena. Hapo. Futa. Sasa andika." Akamsomea namba moja moja, kisha jina zima. "Upimaji ardhi, mstari wa kwanza. Tuma."

Akatuma. Binti alikuwa mlangoni, karatasi kifuani, anahema. Alimwona fundi bomba mahali pake na kidole chake kwenye kioo. Hakuhitaji kuelezwa.

"Mama. Nani atakuwa anakusomea?"

Mama Fomu alikuwa amechoka mno, na alitaka kulia, lakini mlangoni alishaingia mzazi mwingine, jasho linamtiririka, fomu mkononi, zimebaki dakika kumi na tano. Akainyoosha, kama watu wote walivyozoea kumnyooshea.

Mama Fomu hakuipokea.

"Ishike mwenyewe," akamwambia. "Unisomee taratibu, namba moja moja. Mimi sioni."