Mtegemezi wa Nani

Simu ilitetemeka kando ya hadubini, Nakal akaiacha itetemeke. Nje ya dirisha la maabara, Nyakuoth, mama kutoka Sudan Kusini, alimpakata mwanawe mwenye homa akisubiri jibu. Nakal alisogeza slaidi kidogo. Vimelea vilikuwepo ndani ya chembe za damu, vyembamba kama pete.

"Daktari, mtoto yangu iko na malaria?"

"Iko, mama, lakini tumeiwahi. Enda dirisha la dawa sasa hivi."

Simu ilipolia tena alitoka nayo kwenye jua la kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Hakuweza kusimama mahali pamoja. Alizunguka tangi la maji huku akisikiliza.

Mumewe, Ebenyo, alikuwa Amerika akitafiti malisho ya nchi kavu, katika mpango wa kubadilishana wasomi. Nakal aliishi naye huko kwa viza ya mtegemezi, akipika, akipiga deki sakafu isiyo na vumbi, akitazama theluji. Halafu chuo kikampa nafasi ya kusomea maabara. Ofisi ya wageni ikamweleza kwamba viza kama yake haigeuzwi akiwa ndani ya nchi. Arudi kwao, aombe ya mwanafunzi ubalozini. Akarudi Turkana, na ili asikae bure akaomba kibarua kwenye zahanati hii ya Kakuma aliyoifanyia kazi kabla ya ndoa.

"Achana na ubalozi," Ebenyo alisema. "Viza yako ya zamani bado ni nzima. Njoo. Mradi ukiisha Juni, turudi pamoja."

"Na masomo?"

"Wakikunyima je? Utakosa huku na huku."

"Nikija kwa hii ya zamani, siku yako ikiisha na yangu imeisha."

"Si ndiyo ndoa?"

Nakal alitazama simu kana kwamba imemuuma.

Jumamosi alikwenda Lodwar kwa mama mkwe wake, Akuwam, akamkuta kivulini akisuka kikapu cha majani ya mkoma.

"Ejok, mama," alimsalimu.

"Ejok noi. Nasikia mwanangu anarudi, na wewe unaondoka. Tulitoa ngamia ili akae peke yake?"

"Anaweza kunifuata, mama. Mwanafunzi anaruhusiwa kwenda na mwenzake."

"Aende kama nani?"

"Kama mtegemezi wangu."

Vidole vya Akuwam vilisimama. "Mwanamume?" Kisha akacheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya shuka, na Nakal hakujua kama anachekwa au anaungwa mkono.

Ubalozini Nairobi, afisa aliongea bila kuinua macho. "Mumeo anarudi Kenya. Kwa nini wewe unakwenda?"

Majibu aliyoyakariri njia nzima yalimtoka kichwani.

"Kwa sababu safari hii ni mimi niliyeitwa."

Afisa akainua macho. Akamuuliza kazi ya Kakuma, akamuuliza atarudi kufanya nini, na Nakal akamweleza kuhusu damu, kuhusu watoto wanaoletwa wakiwa wamechelewa. Pasipoti haikurudishwa siku ile. Ilirudi baadaye, ikiwa na viza ya mwanafunzi.

Juni Ebenyo alishuka uwanja mdogo wa ndege wa Lodwar, amenenepa, mikono imejaa mifuko. Walitembea ukingoni mwa mto Turkwel kabla ya kwenda kwa mama yake. Nakal ndiye aliyetangulia. Miguu yake ilikataa mwendo wa polepole.

"Naondoka Agosti," alisema. "Twende wote."

"Hiyo viza yako itaniruhusu kufanya kazi?"

"Hapana."

"Basi nitakaa nikifanya nini?"

Nakal alisimama, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Hilo swali," alisema, "hukuwahi kuniuliza mimi."

Ebenyo aliinua mifuko yake vizuri, akashika njia ya kwenda kwa mama yake.

Asubuhi iliyofuata Nakal aliamka akakuta mwenzake keshatoka, akaenda kumtafuta. Alimwona mjini, ndani ya studio ya picha, mbele ya kitambaa cheupe. Serikali mpya ya kaunti ilikuwa inaajiri wasomi, na ilitaka picha za pasipoti. Ubalozi pia ulizitaka, kwa viza ya mtegemezi. Nakal alibaki mlangoni bila kubisha, asijue hizi ni za wapi. Mpiga picha alimsogelea Ebenyo, akamwinua kidevu kwa kidole, akamgeuza uso kidogo.

"Usicheke," alimwambia. "Tulia hivyo hivyo."