Mstari Uliovuka Korogwe

Usiku wa kuamkia leo niliota Korogwe imekatwa mstari. Hilo halikunishangaza, niliukata mwenyewe. Mkutano wa ukoo wetu umehamishwa kutoka Korogwe kwenda Lushoto, na mimi ndiye ninayeandika ukurasa wa mwaliko kwenye kompyuta. Kabla ya neno Korogwe niliweka alama ya kuanzisha mstari wa kukatia, herufi moja ndani ya mabano yenye ncha. Baada ya neno huwekwa alama ya kuumaliza, inayofanana na hiyo ila ina mstari mfupi ulioinama.

Kilichonishangaza ni kwamba mstari haukuishia hapo. Ulikwenda zake milimani, usawa wa kifua, ukapita katikati ya mbuzi, na mbuzi wakaendelea kula. Nikaufuata nione unakokwenda.

Mara niko Lushoto, jikoni kwa mama. Mstari umempita kifuani. Anasonga ugali, nao hausongeki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimefutwa, mwanangu?"

Nikamwambia bado. Aliyekatwa huonekana, ila hahesabiwi. Nikamweleza pia kwamba kaka Hoza atausambaza ukurasa kwa ukoo mzima asubuhi, na jina la mama limo, yeye ndiye mwenyeji wetu. Mama akasema basi nifanye hima, maana hajawahi kuhesabiwa mgeni nyumbani kwake.

Nafungua kabati la vyombo nitafute kisu. Ndani amekaa mzee, viwiko amevitoa nje huku na huku, bakora mapajani. Namuuliza ni nani.

"Alama ya kumalizia. Niko humu tangu jana, nangoja kuitwa."

Namwomba radhi. Anasema si neno, kazoea. Pacha wake, ile ya kuanzisha, haisahauliwi hata siku moja. Nauliza watu huwatambuaje. Anainua bakora. Bila hii, anasema, hata mama yetu hutuchanganya.

Tunatokea upande wa pili wa kabati, ambako ni Korogwe. Herufi za mji zimesimama barabarani, kubwa kuliko nyumba. Mzee anauliza asimame wapi. Nami nataka kujua: je, akisimama kule mbele, ng'ambo ya mama?

"Mama yako atabaki na mstari," anasema, "na mimi nitakuwa nimefanya kazi yangu."

Namshika mkono, namweka nyuma ya herufi ya mwisho. Anaikita bakora. Mstari unakatika mithili ya uzi, na kipande cha mbele kinajivuta milimani hadi kinapotea.

Tukarudi jikoni. Ugali ulikuwa umeiva. Mama hakumuuliza mzee ametoka wapi, alimnawisha mikono. Mzee alikula, akashukuru, akaondoka bila haraka.

Simu ikaniamsha. Alikuwa mama, kutoka Lushoto.

"Kuna bakora imeegemea mlango wa jiko langu," alisema. "Umekuja na nani?"

Niliwasha kompyuta. Kwenye ukurasa, ukoo mzima ulikuwa bado na mstari, mama akiwamo, na Hoza alikwishanitumia ujumbe kwamba yuko tayari. Nikatazama nyuma ya neno Korogwe. Palikuwa na alama ambayo sikuiandika mimi, viwiko nje huku na huku, imefanana kabisa na ile ya kuanzisha. Ilikosa tu ule mstari mfupi ulioinama.

Nikauandika. Majina yote yakasafika, kuanzia la mama.

"Ajabu," mama akasema kwenye simu. "Ile bakora nilikuwa nimeishika."