Wanaohitaji Lifti

Dakta Abdulghafur aliyapima maneno yote ya tangazo lile isipokuwa moja, na hilo moja ndilo lililomponza. Alikuwa Mzanzibari aliyehamia Wheaton, Marekani, mhadhiri wa isimu, na kamati ya wakazi ilimkabidhi kazi ya kuandika kwa Kiswahili wito wa mkutano kuhusu kituo kipya cha reli ya chini ya ardhi, kilichopangwa kuchimbwa karibu na maghorofa yao. Muda wake wote uliishia kwenye ubishi na Kuria, katibu wa kamati, Mkenya wa Nyeri, aliyeshikilia kwamba iandikwe "reli ya chini kwa chini."

"Chini kwa chini ni hila, Bwana Kuria. Watu watadhani kuna jambo tunawaficha."

"Na si tumefichwa? Ramani yenyewe tumeiona juzi!"

Ramani hiyo ndiyo iliyokuwa kiini cha mambo. Wahandisi walikuwa wamechora lifti moja tu, nayo ng'ambo ya barabara kuu. Upande wa maghorofa ungepata ngazi za umeme tu. Bi Ummu, mama yake Abdulghafur, alitumia kiti cha magurudumu. Kila alipotaka kumtembelea shoga yake huko Greenbelt, ilimbidi angoje hisani ya mwenye gari, na hisani hiyo ilikwisha kumchosha.

"Napakiwa na kushushwa kama gunia la mbata," alimwambia mwanawe. "Nipatie njia ya kushuka mwenyewe, basi."

Wakazi wakijaa mkutanoni, ramani ingeweza kubadilishwa. Wasipojaa, kituo kingechimbwa hivyo hivyo.

Kwa hiyo, alipokwisha kumshinda Kuria, Abdulghafur aliandika kwa herufi kubwa: JE, UNAHITAJI LIFTI YA KITUONI? NJOO JUMAMOSI UIOMBE. Chini yake akaweka namba yake ya simu, akalala usingizi wa mtu aliyeilinda lugha.

Ijumaa simu ikaanza kulia.

"Mwalimu, ni Mutai wa ghorofa ya pili. Naomba lifti, lakini si ya kituoni. Ya Manassas."

Abdulghafur alidhani ni mzaha, akakata simu. Ikalia tena. Safari hii alikuwa mama mmoja wa Kikongo, mpole kupita kiasi. "Mimi, merci, sitakuja. Niko na voiture yangu. Nafasi yangu mupatie mwingine."

Hapo ndipo alipokaa kitako. Wenye magari wote wangebaki nyumbani kwa adabu. Alijaribu kuwapigia watu; nusu hawakupokea, nusu wakamshukuru kwa ukarimu wake.

Asubuhi ya Jumamosi, alipokuwa akimsukuma Bi Ummu kutoka mlangoni, alikuta kundi la watu limesimama kwenye baridi. Mbele yao alikuwa Jerotich, muuguzi, ndani ya sare yake.

"Mwalimu, gari iko wapi? Umetuweka kwa baridi na mimi naenda kazi."

"Gari la nini, dada yangu?"

"La lifti! Si ni wewe uliandika?"

"Nilikusudia lifti ya kupanda na kushuka!"

"Kwani gari watu hawapandi na kushuka?" akauliza Mutai.

Kuria, aliyekuja waende naye mkutanoni, alicheka hadi akashika ukuta. "Daktari wa lugha! Mngeniachia chini kwa chini yangu, angalau wangejua wanachezewa."

Abdulghafur akaanza kufafanua asili ya neno lile na jinsi maana zake mbili zilivyoachana. Jerotich akatazama saa yake.

"Ghafur, hebu nyamaza," akasema Bi Ummu. "Mimi nataka kushuka huko chini na kiti changu hiki, na wametuwekea mlango ng'ambo ya barabara. Anayekuja na aje, anayekwenda zake na aende. Baridi hii."

Jerotich alimtazama yule mama, kisha akatoa simu. "Wacha nimwambie bosi wangu Cheryl nitachelewa. Lakini akikasirika, mwalimu, wewe ndio utamwelezea hiyo isimu yako."

Wakafuatana hadi ukumbini. Viti vingi vilikuwa vitupu, na mwenyekiti wa kikao, mzungu mstaarabu, akasema kwa upole kwamba inaonekana wakazi wa upande huo hawana haja kubwa ya lifti. Abdulghafur, ambaye hakuwahi kukiri kosa la lugha hadharani, alilazimika kusimama na kueleza kwa Kiingereza kwa nini watu wake walikuwa wamebaki nyumbani: walikuwa na magari. Ukumbi mzima ulicheka, Jerotich akiwa wa kwanza. Kisha Bi Ummu akaomba asukumwe hadi mbele, na kicheko kikaisha.

Muda wa maoni uliongezwa, tangazo la pili likachorwa picha ya lifti yenyewe, na safari hii wakazi wakajaa. Ramani iliyofuata ilikuwa na lifti pande zote mbili za barabara. Uchimbaji bado haujaanza, na Bi Ummu bado anapakiwa garini. Matangazo ya kamati sasa huandikwa na Abdulghafur, lakini hayabandikwi kabla Kuria, Jerotich na yule mama wa Kikongo hawajaeleza, kila mmoja kwa maneno yake, walichoelewa.